Kidevu Juu, Masikio Nje

Kwa miaka ishirini na sita hakuna picha hata moja iliyotoka studio ya Masikio ikarudishwa na ofisi ya pasipoti. Hilo alimwambia kila mteja, atake asitake, na ukikaa kwenye kigoda chake zaidi ya dakika mbili ungelisikia mara ya pili. Za wengine hurudishwa: huyu kafumba jicho, yule kivuli kimemkaa shingoni, mwingine kaonyesha jino. Za Masikio hazirudi. Ndiyo maana watu walizipita studio tatu nzuri zaidi, zenye viyoyozi na wasichana wa mapokezi, wakaja kujibana kwenye chumba chake kimoja kati ya duka la rangi na ngazi za ghorofa.

Chumba chenyewe kilikuwa kimekazwa skrubu kila mahali. Kigoda kimekazwa sakafuni, taa mbili zimekazwa ukutani, na kamera imekaa juu ya miguu mitatu iliyozungushiwa utepe mwekundu sakafuni, ili fagio likiisogeza ijulikane inaporudi. Msumarini kulining'inia kitana chenye uzi, na koti jeusi la kiume lililopasuliwa mgongoni ili limfae mtu wa unene wowote, pamoja na tai iliyofungwa fundo mwaka ambao hata mwenyewe hakuukumbuka. Nusu ya wanaume wa mji ule walikuwa wamelivaa. Meneja wa benki na mbeba mizigo wa sokoni, kwenye pasipoti zao ni koti moja na tai moja.

Maneno nayo yalikuwa yale yale. Kidevu juu. Masikio nje. Mdomo funga. Usicheke. Kisha mlio wa kamera, kisha, "Mwingine." Jina la Masikio lilitoka hapo, na lilimkaa hata hakuna aliyekumbuka alilopewa na wazazi wake, labda mkewe, na yeye alikuwa hamwiti kwa jina.

Basi mtu wa namna hii akipata binti anayeolewa, atafikiri nini? Alifikiri kwamba harusi imepata mpiga picha. Alikuwa ameshaanza kuifuta lenzi kubwa iliyolala kabatini miaka mingi, siku ile binti alipokuja nyumbani baada ya zamu na kuketi karibu naye, karibu mno.

"Baba, tumeshapata mtu," akasema.

"Mtu wa nini?"

"Wa picha."

Binti alikuwa muuguzi, na wauguzi wanajua kukuchoma sindano huku wanakuuliza habari za nyumbani. Alimshika mkono kabisa. Akamwambia picha zake ni nzuri, tena nzuri sana, kwa pasipoti. Masikio akasema picha ni picha. Hapo binti akasimama, akaenda kwenye ukuta wa sebule, akaanza kuonyesha kwa kidole kama anayesomesha watoto.

"Hii ni siku yangu ya kuzaliwa, nimetimiza miaka saba. Tuko watoto sita na keki. Tuangalie. Si kama tumekamatwa pamoja?"

Masikio akaangalia. Watoto sita walikuwa wamejipanga mstari mmoja, videvu juu, midomo imefungwa, masikio kumi na mawili yanaonekana yote. Yeye aliona picha safi isiyo na kivuli hata kimoja.

"Na Mama yuko wapi kwenye ukuta huu?" binti akauliza.

"Huyo hapo. Na hapo. Na hapo juu ya saa."

"Huyu siye Mama. Huyu ni mtu anayeomba viza."

Mkewe Masikio alikuwapo, anakunja nguo kwenye kochi. Aliendelea kukunja. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa mtu wa kuchomeka neno pale mumewe alipokuwa akizungumzia kazi yake, maana kazi ilikuwa haina mlango wa yeye kuingilia.

Masikio alinuna siku nne. Kununa alikujua, alinuna kama anavyopiga picha, uso mbele na mdomo umefungwa. Siku ya tano binti akalegea, lakini hakulegea bure. Harusi ilikuwa baada ya miezi minane. Akamwambia babake amletee picha moja ya Mama, moja tu, ila awe Mama kweli. Akiipata, yule kijana aliyeajiriwa ataombwa radhi na harusi itakuwa ya Masikio. Akiikosa, atakaa kiti cha mbele na suti yake kama baba wa bibi harusi yeyote, na atapigwa picha yeye.

Fikiria hapo. Mji mzima upo ukumbini, watu wote wale aliowapiga, halafu kijana mmoja mwenye suruali ya mifuko mingi anazunguka na kamera mbele ya mwanawe, na Masikio amekaa kitini mikono mapajani. Wangeulizana. Wangepeana lile jicho. Akakubali masharti kabla binti hajamaliza kuyataja.

Picha moja ya mke wake mwenyewe, anayekaa naye nyumba moja. Alidhani ni kazi ya dakika kumi.

Alimpiga jioni ile ile. Kamera ilipoinuka tu, mkewe akavua herini, akaziweka kwenye kiganja, akapeleka nywele nyuma ya masikio, akanyoosha shingo na kufunga mdomo. Hakuambiwa. Mikono ilijiendea yenyewe, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

"Rudisha herini," Masikio akasema.

"Si hazitakiwi?"

"Leo zinatakiwa. Cheka."

Mkewe akacheka, yaani alionyesha meno kama aliyeambiwa na daktari afungue kinywa. Masikio akamwambia kichekesho chake. Alikuwa na kimoja, cha mtu aliyekwenda kumpigia picha mbuzi wake.

"Hicho uliniambia tukiwa wachumba," mkewe akasema, kwa upole, na akauliza kama wamemaliza ili akaangalie maji jikoni.

Wiki ile akaja mteja mwanamke, mrefu, viatu vimejaa vumbi, ana haraka. Alikuwa mpiga picha wa gazeti, na hata wapiga picha wa magazeti wanahitaji pasipoti. Alipokuwa anangoja picha zake zikatwe, alitembeza macho chumbani.

"Hizi taa zimewahi kusogezwa?"

"Zisogee ziende wapi?" Masikio akajibu.

Mwanamke akacheka. Masikio angeweza kuudhika, lakini shida ilikuwa imemfika shingoni, akaamua kumeza kiburi mbele ya mtu asiyemjua, ambako ni rahisi zaidi. Akamweleza habari za binti, za harusi, za mkewe anayevua herini. Akamuuliza mtu hufanyaje ili ajue picha za namna nyingine.

Mwanamke akatazama saa yake. "Chukua kitu kimoja cha nyumbani," akasema. "Kiweke kwenye dirisha moja. Kila siku kipige picha moja. Si mbili. Kabla hujabonyeza, kiangalie mpaka uchoke, kisha kiangalie tena. Andika ulichoona. Fanya hivyo miezi mitatu."

"Miezi mitatu, kitu kimoja?"

"Ndiyo. Kwaheri, mzee."

Na Masikio, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupinga maagizo yaliyotolewa kwa sauti ya ofisini, akaenda nyumbani akatafuta kitu. Alichukua jagi la plastiki la maji, la bluu, lenye ufa kwenye mpini. Akaliweka kwenye dirisha la jikoni.

Picha ya kwanza ya jagi ilitoka safi kabisa. Jagi lilikuwa katikati, ukuta mweupe nyuma yake, mpini mmoja kulia, mdomo mbele. Ungeweza kulipeleka ofisi ya pasipoti likapewa kitabu. Ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, na ya kumi. Daftarini aliandika, "Siku ya kumi. Jagi. Hakuna jipya." Kumbuka kwamba mtu huyu alizoea kupiga watu arobaini kwa siku, na sasa alikuwa na picha moja tu ya kutumia, akiipoteza mpaka kesho. Alisimama mbele ya lile dirisha mikono ikimwasha. Siku ya kumi na mbili alibonyeza bila kukusudia huku anapiga chafya, akapata picha ya pazia, na kwa sababu alikuwa ameapa, hakupiga nyingine. Alishinda amekasirika mpaka wateja wakamuuliza kama kuna msiba.

Siku ya ishirini na moja, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya, aligundua kwamba jagi la asubuhi si jagi la alasiri. Asubuhi mwanga ulitoka nyuma yake na jagi likawa zito, kama limejaa mawe. Saa kumi alasiri mwanga uliingia kwa upande, ukapita ndani ya ile plastiki, na maji yaliyobaki chini yakatupa mstari unaotetemeka juu ya meza. Jagi la bei ya chee. Masikio alisimama pale karibu saa nzima. Alikuwa amelinywea maji miaka sita na hakuwahi kuliona. Aliandika kurasa mbili, na alipomaliza machozi yalikuwa yamemlengalenga, jambo ambalo hakuliandika.

"Hilo jagi sasa ni mke mwenza," mkewe akasema mlangoni. Alikuwa anataka maji.

"Angalau halivui herini."

Ulikuwa mzaha mzuri, wa pili maishani mwake, lakini mkewe alikuwa ameshageuka na kikombe chake.

Miezi mitatu ikaisha. Alilegeza skrubu za taa moja pale studio, kwa siri, kama mtu anayevunja sheria. Alianza kutoka mitaani na kamera mkononi, bila miguu mitatu, na hapo ndipo alipokutana na kazi ya mikono yake mwenyewe. Maana hakuna mtu mji ule ambaye hakuwahi kukaa kwenye kile kigoda. Alimwinulia kamera mwokaji mikate aliyekuwa anapuliza unga kwenye mikono. Mwokaji akasimama wima, akafunga mdomo. Alimwinulia mlinzi wa benki, akavua kofia akaonyesha masikio. Siku moja alikuta makuli wawili wamekamatana mashati kwa sababu ya gunia, jasho linawatoka, mwanga wa asubuhi unawapiga mabegani vizuri ajabu. Akainua kamera taratibu. Makuli wakaachiana, wakasimama bega kwa bega, videvu juu, wakangoja mlio. Aliposhusha kamera wakakamatana upya.

Watu huenda shule kusomea ualimu na hawafanikiwi hivyo. Masikio bila cheti chochote alikuwa amefundisha mji mzima somo moja, wakalishika, na hakuna aliyelisahau.

Kwa mkewe aliitumia ile njia ya jagi: picha moja kwa siku, dirisha lile lile, saa kumi alasiri. Alimwomba akae tu, asifanye lolote. Mwanga alishaujua, aliweza kuuweka kwenye shavu la mtu kama anayepaka mafuta. Mkewe alikaa. Alikuwa mvumilivu na alimpenda binti yake. Siku ya arobaini na saba Masikio alizichapisha zote akazitandaza kitandani. Mwanga ulikuwa tofauti katika kila moja, kazi nzuri ya kujivunia, na katikati ya kila moja kulikuwa na uso ule ule, kama mhuri. Zilibaki wiki tano.

Mwanamke wa gazeti alirudi kipindi hicho, amemleta mama yake apigwe picha. Masikio hakungoja hata yule bibi akae vizuri. Akachomoa bahasha ya picha za jagi, akamwekea mwanamke mkononi. Mwanamke akaanza kuzipekua haraka haraka kwa adabu tu, kisha polepole, kisha akakaa chini kwenye benchi la wateja.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Uliniambia miezi mitatu, kitu kimoja, dirisha moja."

Mwanamke akamtazama, akatazama jagi. "Mzee," akasema, "mimi kila anayeniuliza namwambia hivyo ili aniache. Hakuna aliyewahi kwenda kufanya." Akarudi kwenye picha ya siku ya ishirini na moja. "Mimi mwenyewe sijafanya."

Ungedhani Masikio angekasirika. Hakukasirika, alikuwa ameshachelewa. Alimtolea zile arobaini na saba za mkewe, akauliza kosa liko wapi. Mwanamke alizitazama zote, hakuruka hata moja, na alichukua muda.

"Kwenye mwanga huna kosa," akasema. "Mkeo huwa anachekea wapi?"

"Kuchekea?"

"Ndiyo. Anapocheka, huwa wapi?"

Masikio alijua mkewe anapokaa, anapolala, anapoweka funguo. Alimaliza kumpiga picha yule bibi, akawaaga, na jioni nzima akawa analitafuta jibu. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliposikia mkewe akicheka ndani ya nyumba, kicheko hasa, si kile cha kumwitikia mgeni. Akarudi nyuma mwaka, akarudi miwili, akaogopa kuendelea.

Mkewe alikuwa na desturi ya kwenda alasiri kwa fundi cherehani, rafiki yake wa siku nyingi, kumsaidia kushona vifungo. Masikio alijua kwamba huenda. Hakuwahi kuuliza wanazungumza nini, kwa sababu aliamini kwamba wanashona vifungo.

Siku iliyofuata, saa kumi kasoro, alifunga studio. Mwenye duka la rangi alitoka nje kuangalia kama kuna moto. Masikio akaenda mpaka kwa fundi viatu, ng'ambo ya kwa fundi cherehani, akavua kiatu kisicho na ubovu wowote, akampa, akakaa nyuma ya kabati la soli na kamera mapajani.

Mlango wa fundi cherehani ulikuwa mpana, umefunguliwa wote. Ndani, kwenye meza kubwa, palikuwa pametandazwa kitambaa cheupe cha harusi, gauni la binti, bado vipande. Jua la saa kumi lilipiga kile kitambaa likarudi juu, likazipa nyuso za wanawake wawili mwanga laini usio na mwanzo. Masikio aliuona mwanga kabla hajamwona mkewe, na alijua papo hapo kwamba hata angepewa taa zote za dunia asingeuweka hivyo.

Mkewe alikuwa anazungumza. Sindano mkononi, mdomo haukomi. Masikio alitazama kama anavyotazama jagi, mpaka akachoka, kisha akaanza upya. Hii ni sura ambayo alikuwa akiishi nayo miaka thelathini, na sasa aliiona ikifanya mambo: nyusi zilipanda moja moja, pua ilikunjika, shavu la kushoto lilitangulia la kulia. Mara tano ilikuwa picha nzuri, na mara tano hakubonyeza, kwa kuwa alikuwa na moja tu. Fundi viatu aling'arisha kile kiatu kizima mara mbili, akakosa la kufanya, akaanza kukipiga nyundo bila sababu.

Dakika ya arobaini, mkewe akaweka sindano chini. Akasimama, akavuta shati lililoshonwa nusu lililokuwa kwenye mashine akalivaa kinyume, limepasuka mgongoni, akaitoa shingo mbele na kuyafinya macho, akawa mtu mwingine. Sauti nayo ikabadilika, ikawa nzito, ya puani.

"Kidevu juu," akamwambia fundi. "Masikio nje. Wewe jagi, mdomo funga. Usicheke, ofisi itakurudisha."

Fundi cherehani akaanguka juu ya gauni. Akapiga meza, akaomba aachwe, mbavu zake. Na mkewe Masikio alijizuia sekunde moja, mbili, uso wa pasipoti mtupu, kisha ukapasuka. Alicheka kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi wote, mkono mmoja umeshika tumbo, machozi yanamtoka, mtu mzima anayetikisika kama msichana.

Ilimchoma. Tusifiche hapo; ilimchoma mahali ambapo hakujua kama anapo. Mkewe alikuwa amefanana naye kweli, na hilo ndilo lililouma zaidi, ile shingo ilikuwa yake kabisa. Lakini mkono wake ulikuwa umefundishwa miezi saba na haukumngoja amalize kuumia. Ulibonyeza mara moja. Kisha Masikio akachukua kiatu chake na kuondoka, na alifika nusu ya njia kabla hajakumbuka kukivaa.

Jumapili alasiri binti alikuja. Mama alikuwa anamwaga chai. Masikio akaweka bahasha mezani.

Binti aliitoa picha. Aliitazama, akaweka mkono mdomoni. Alikaa hivyo mpaka chai ikaacha kutoa moshi.

"Huyu ni Mama," akasema. "Baba, huyu ni Mama kabisa. Umeupata wapi uso huu?" Akafuta macho kwa kiganja, akacheka, akamkumbatia babake shingoni. "Harusi ni yako. Leo hii nampigia yule kijana. Mama, njoo ujione."

Masikio alikuwa amengoja maneno hayo miezi saba. Alikuwa hata ameshayapangia jibu. Sasa yalikuja na aliyaacha yapite, kwa sababu alikuwa anamwangalia mkewe akivuka chumba, akijipangusa mikono, akiinama juu ya picha.

Mkewe aliangalia muda mrefu. Aliliona lile shati lililopasuka mgongoni.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Kwa fundi viatu."

"Muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia."

Binti alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Sasa si ungeingia," mkewe akasema, taratibu. "Umesimama nje kama mdai. Mlango ulikuwa wazi."

"Ningeingia, ungenyamaza."

Alisema bila lawama, kama mtu anayesoma kilichoandikwa daftarini. Mkewe akafungua mdomo ili amkatalie. Ni mwanamke mwema na alitaka kumkatalia, ilionekana. Lakini alikuwa mkweli pia, na kimya kikawa kirefu, na kwa jinsi kilivyokuwa kirefu kikawa ndicho jibu. Akakaa kwenye kochi, picha mapajani.

"Sikujua kama unaweza kungoja," akasema mwisho. "Dakika arobaini. Mimi hujawahi kunipa hata tano."

Masikio hakuwa na kamera karibu, wala kigoda, wala la kumwambia mtu akae vipi. Alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Nifanyie na mimi," akasema. "Vile ulivyokuwa unamfanyia fundi."

"Haiji kwa kuitwa."

"Basi nangoja."

Mkewe akamtazama ili aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alikuwa amekaa sawasawa kitini, kidevu juu, mdomo umefungwa, masikio yote mawili yako wazi, mtu mzima anayengoja kwa moyo wake wote, na kitu kidogo kikatetemeka kwenye shavu la kushoto la mkewe, akakizuia.

"Ngoja," akasema. "Lakini usinikodolee macho hivyo. Kunywa chai yako."

Masikio akachukua kikombe. Chai ilikuwa imepoa. Akainywa polepole, akiangalia pembeni.